Niliacha kutia chumvi na mawese, mtaa mzima ukaanza kutuombea

Wakuu, salamu kutoka huku Gisenyi.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili nimelizungusha kichwani mpaka nimechoka. Ni la kweli, limetokea jikoni kwetu, na sitaongeza chumvi. Mtaona wenyewe kwa nini siku hizi siwezi kuongeza chumvi kwenye kitu chochote.

Kuna sehemu bado sizielewi. Mkiona nayumba, mjue hata wakati ule nilikuwa nayumba.

Kwanza mnijue kidogo. Shule niliiacha mapema kule Kigoma, tulikokuwa tunaishi kabla familia haijarudi Rwanda. Tangu hapo sijatulia sehemu moja. Nimeosha magari Kampala, nimepakia mbao Bukavu, nimetengeneza redio za watu bila kufundishwa na yeyote. Nikiona kitu kinafanya kazi, lazima nijue ndani kina nini. Ndiyo ugonjwa wangu huo.

Sasa hivi naishi Nengo kwa Mama Mukubwa, dada yake marehemu mama yangu. Yeye alikulia Goma, na Kiswahili chake ni cha kule.

Mama Mukubwa ni fundi cherehani. Macho yake yakaanza kuingia ukungu, kwanza la kushoto, halafu la kulia likafuata. Ikafika mahali uzi hauingii tena kwenye sindano. Cherehani akaifunika kitambaa cheupe, akawa anashinda amekaa karibu nayo mikono mapajani.

Nikampeleka hospitali. Wakasema ni mtoto wa jicho, anatolewa na mtu anaona tena vizuri. Nikafurahi.

Halafu wakampima presha.

Daktari akasema, ikiwa juu hivi hatuthubutu kumgusa jicho. Akampa vidonge, akaniambia nipunguze chumvi na mafuta nyumbani, niongeze mboga. Kila mwezi tuje kupima. Ikishuka, anaingia chumba cha upasuaji. Isiposhuka, tunangoja, na ukungu haungoji.

Mama Mukubwa akasema, "Bon. Basi muniue tu sasa hivi, ju mi bila chumvi siko mutu."

Kuanzia siku ile jiko nikalichukua mimi.

Wakuu, mimi nikianza kitu sianzi nusu. Nilisoma kwenye simu mpaka bundle ikaisha. Nikatoa chumvi yote. Nikatoa mawese. Vile vidonge vya kuungia mchuzi nikavitupa. Badala yake nikaweka puwaro (vile vitunguu virefu vya majani), seleri, tangawizi, limau. Lengalenga (Tanzania mnaita mchicha) nikaipanda kwenye magunia ya udongo pembeni ya nyumba. Udongo wetu huu mweusi wa volkano hauna maringo, unachotupa kinaota.

Kisha nikaingia kwenye habari ya makala, yaani mkaa. Nikasoma kwamba maharage ukiyaloweka, ukayachemsha kwa nguvu muda wa kutosha, unaweza kuipua sufuria, ukaizungushia mablanketi ndani ya kikapu kikubwa, na yakaendelea kuiva yenyewe bila moto.

Nikajaribu. Yakaiva! Nilikaa nafunua na kufunika kama mtoto. Tangu hapo jiko letu likawa linawaka asubuhi kidogo tu, kisha linapoa siku nzima.

Magunia yale yalitaka mbolea. Nikiwa Petite Barrière, kituo cha mpakani ninakobeba mizigo ya wachuuzi wanaovuka kwenda Goma, kuna mama mmoja wa Busasamana huwa anamenya majani ya nje ya makabichi yake kabla ya kuvuka, ili yaonekane masafi. Nikawa nayaokota yale majani, najaza mfuko, narudi nayo nyumbani kuyaozesha.

Naomba mkumbuke haya: jiko limepoa, majani ya kabichi yaliyotupwa, sufuria ndani ya blanketi. Mimi niliyaona kama maendeleo.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, baada ya kufagia mitaro, majirani wachache walipita kwetu kupumzika. Alikuwepo Mama Aline, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja. Anakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, anauza Goma kila siku. Nikaona ni nafasi ya kuonyesha kazi yangu. Nikawapakulia maharage na lengalenga.

Walikula. Wakawa wanatafuna polepole.

Mama Aline akanyanyua macho, akaangalia jiko la baridi, akaniangalia mimi.

"Hii mulipika na nini?"

"Na blanketi," nikasema.

Mtu mmoja akakohoa. Kisha wakashukuru, wakasema wameshiba, wakaondoka sahani zikiwa nusu. Mimi nikabaki najisifu kwamba nimewafungua akili.

Mwezi ukaisha, tukarudi kupima. Presha iko palepale.

Nesi akauliza tunakula nini. Nikamwambia chumvi haipo kabisa nyumbani. Akaniangalia kama watu wa forodha wanavyomwangalia mtu anayesema begi lake lina nguo tu.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Nikashuku mashine yao. Nikashuku vidonge. Nikashuku maji ya bomba, nikayaonja kama muonja pombe. Nikashuku dawa ya meno. Nikashuku hata taarifa ya habari, nikawa nazima redio habari za vita zikianza, Mama Mukubwa ananipigia kelele niwashe.

Kingine hiki hapa. Mama Mukubwa alikuwa anakula kidogo sana. Vijiko vichache anasema, "Nimeshiba, mutoto yangu, kula weye." Lakini hakukonda. Kwa macho yangu alikuwa ananenepa! Mimi niliyekuwa namaliza chakula chote kinachobaki ndiye niliyekuwa nadondokwa na suruali.

Niambieni wakuu, hiyo hesabu inakaaje?

Mwezi wa pili, palepale. Safari hii daktari alimulika macho yake kwa taa ndogo, akasema la kulia limeanza kuwa gumu, wakichelewa sana kazi itakuwa mbaya zaidi. Mama Mukubwa hakutania. Njiani alinishika mkono kwa nguvu, hata sehemu za barabara anazozijua vizuri.

Jumapili iliyofuata tukaenda kanisani. Mwishoni kiongozi wa akina mama akasimama.

"Kuna nyumba moja, sitaitaja. Jiko lao limezimika. Ni watu wa haya, hawataomba. Tuwakumbuke, na mwenye kidogo alete."

Wakuu, mimi nimelala njaa miji mitatu tofauti, najua ilivyo. Niliombea ile nyumba mpaka koo likakauka. Nikasema Amina nikasikika hadi nje. Akina mama wa mbele wakageuka kuniangalia, mmoja akafuta machozi. Nikadhani ni nguvu ya maombi.

Nilipofika nyumbani nikachota maharage yetu, yale ya mchanganyiko. Huku mifuko ya plastiki hakuna, kwa hiyo nikayatia kwenye kifuko nilichokuwa nimeshona mwenyewe kutoka pazia la zamani la Mama Mukubwa, maua mekundu, mshono umepinda kama njia ya kupandia mlimani. Nikakipeleka kwa kiongozi wa akina mama. Akakipokea kwa mikono miwili, akaniangalia mdomo wazi.

Siku chache baadaye natoka barrière, nafika nyumbani, nakuta kitu kimening'inia kwenye mlango wa geti.

Maua mekundu. Mshono umepinda.

Ndani, maharage yangu. Juu ya maharage, chupa ya mawese na chumvi imefungwa kwenye karatasi.

Wazo langu la kwanza, naapa, lilikuwa: wamekataa mchango wangu. Labda maharage yalikuwa na wadudu. Nikayachambua pale pale mlangoni nikitafuta wadudu. Hakuna. Sasa mawese ya nini? Ya kunifariji?

Nikaingia ndani kumuuliza Mama Mukubwa. Nikamkuta amekaa kwenye cherehani, kitambaa cheupe kimeinuliwa kidogo, mkono umo chini yake, mdomo unatafuna.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Ni bakuli."

"Ya nani?"

"Hii ya Mama Aline. Ile ingine ya wamama wa kwaya. Ile ya tatu sijue, macho haione."

Nikafunua kitambaa. Sambaza zinaogelea kwenye mawese. Wali umekolea chumvi mpaka unang'aa. Kando, bakuli tupu zimepangwa moja juu ya nyingine, zimeoshwa safi.

Nikakaa chini.

"Daktari alisemaje, Mama? Si ulikuwepo? Hutaki kuona tena?"

"Nataka! Lakini mutu analeta chakula kwa mulango, unarudisha? Unamwambia nini? Uende na chakula yako? Mi sikulelewa vile."

Halafu sauti yake ikashuka.

"Na tena nilikuwa naogopa kukuuliza. Nilijisemea, huyu mutoto amekosa kazi, hana makuta, anaona haya kuniambia, sasa anasingizia docteur. Nikanyamaza, usijisikie mubaya."

"Docteur alisema mbele yako!"

"Docteur alisema kupunguza. Hakusema blanketi."

Nilicheka wakuu, halafu nikataka kulia. Kumbe nyumba iliyozimika jiko ilikuwa yetu. Kumbe nilijiombea mwenyewe kwa sauti kubwa. Mtaa mzima ulikuwa umeniona nikiokota majani ya kabichi, moshi hautoki kwetu, na watu wa huku hawakuulizi kama una njaa. Kukuuliza ni kukuvua nguo. Wanaleta tu, kimya kimya, mwenyewe ukiwa kazini.

Nikaenda kwenye ukuta, nikamwita Mama Aline. Nikamweleza yote: presha, macho, chumvi. Nikamwambia sisi hatuna shida yoyote.

Akaniinamishia kichwa upande mmoja.

"Yoo. Najua, mwana wangu. Hata sisi tukitoka Congo na vitu ju ya kichwa, tulikuwa tunasemaga vile. Hatuna shida."

Jioni ile bakuli zake zikawa mbili.

Kila nilivyokana ndivyo nilivyozidi kuwa maskini. Nikamwambia mwingine, akanipapasa bega. Nikafikiria kuandika bango.

Aliyepata dawa ni Mama Mukubwa mwenyewe, siku nilipomhesabia mkononi pesa zangu za barrière, akaelewa kwamba ya chakula ipo na kwamba ni bakuli zile zinazomzibia njia ya jicho. Aligonga meza.

"Bakuli ya mutu hairudiake mutupu. Nilikuwa naziweka, nangoja siku utapata kitu nizijaze. Bon, pika. Sufuria kubwa. Mutu mwenye njaa hagawe chakula, kila mutu anajua ile. Jaza zote, upeleke."

"Nipike bila chumvi?"

"Bila. Chumvi weka kando kwa kakaratasi. Na moshi! Nataka moshi mingi, wauone mpaka Goma."

Sasa hapa mnicheke taratibu. Mimi, mtu wa mablanketi, niliyekuwa nahesabu kila kipande cha makala, nilikusanya majani mabichi ya mikaratusi nikayachoma uani bila sababu yoyote. Moshi ulipanda mweupe, mzito, macho yananitoka machozi. Mama Mukubwa ameketi mlangoni anavuta harufu kwa furaha, anauliza, "Unafika ju? Unafika?"

Na kinu. Akanituma nitwange sombe (kisamvu, wenzangu wa Tanzania) pale pale uani, si ndani, ili mlio usikike. Nikaipika na karanga za kusaga, puwaro nyingi, seleri, tangawizi, limau mwishoni. Hata tone la mawese halikuingia. Nikajaza kila bakuli, juu nikaweka kakaratasi ka chumvi, nikazunguka mtaa kurudisha moja moja.

Mama Aline alifunua, akanusa, akaniangalia.

"Ni weye ulipika hii? Yote hii?"

"Na nyingine imebaki."

"Na hii chumvi ku karatasi?"

"Kila mtu ajitilie mwenyewe. Mama yetu hali chumvi mpaka apate jicho."

Nikaona uso wake unabadilika. Maneno yaleyale niliyomwambia ukutani, sasa yaliingia. Akaweka mkono mdomoni.

"Ye baba we! Kumbe mi ndiye nilikuwa namufunga macho na sambaza zangu?"

Bakuli zikakoma siku ile.

Kesho yake akaniita juu ya ukuta. "Sha! Ile sombe mulitia nini?"

"Puwaro."

"Na mawese?"

"Hakuna."

"Uongo!"

Sijui kama aliipenda kweli au ni heshima. Hadi leo sijui. Lakini siku hizi akipita kwenye magunia yangu anachuma lengalenga bila kuniomba, na hiyo naichukulia kama jibu.

Tukarudi hospitali. Presha imeshuka.

Mwezi uliofuata, imeshuka zaidi. Jicho la kulia likapangiwa siku, likafanywa.

Sasa wakuu, swali linalonisumbua. Ilishuka kwa sababu ya nini? Bakuli kukoma? Vidonge? Mboga zangu? Au kwa sababu Mama Mukubwa aliacha kuwaza kwamba mimi sina pesa na namficha? Nilimuuliza nesi. Akasema, "Endeleeni hivyo hivyo." Nami sijui hivyo hivyo ndiyo kipi.

Siku walipotoa bandeji nilimleta nyumbani, nikamkalisha uani. Alitazama kila kitu kwa jicho moja, polepole. Ukuta. Magunia. Akaomba aone sufuria. Nikamfunulia.

"Sombe ya kijani hivi? Njo hii nimekuwa nakula?"

"Ndiyo."

Halafu akaniangalia mimi. Tangu ukungu umwingie hakuwa ameniona sawasawa. Alinitazama usoni, akashuka shingoni, akafika kwenye mkanda niliouongeza matundu kwa msumari.

"Mungu yangu! Mutoto amekwisha! Kumbe Mama Aline alikuwa na haki!"

Akasimama. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akachukua ile chupa ya mawese iliyokuja na maharage yangu, akawasha jiko mwenyewe. Makala mengi. Nikajaribu kumzuia, akanisukuma na kiwiko.

Yeye alikula sombe yake ya kijani, bila chumvi, bila kulalamika. Mimi niliwekewa sahani ya wali na sambaza nyekundu kwa mafuta, akaketi mbele yangu na jicho lake jipya, akahesabu kila tonge linaloingia mdomoni.

Tumbo langu lilikuwa limesahau mawese. Usiku huo sitausimulia.

Na imebaki hivyo hadi leo. Mgonjwa ndiye anakula mboga, na mimi mpishi wa mboga nanyweshwa mafuta. Moshi unatoka kila siku, majirani wakipita wananusa na kunipongeza: "Mumepona!" Nikisema hatukuwa na njaa tangu mwanzo, wanacheka.

Cherehani imefunuliwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mfuko mnene wa kufunikia sufuria yangu, badala ya mablanketi. Ameujaza vipande vya nguo kuukuu, nje pazia la maua mekundu, mshono umenyooka kama mstari wa rula. Aliponipa alinishika mkono, akaangalia huku na kule kama kuna mtu anasikia.

"Siku ingine ukikosa makuta," akaninong'oneza, "uniambie tu. Usipikie watu na blanketi."

Wakuu, tangu auone mkanda wangu haniamini tena.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kubadilisha chakula cha nyumba, anza na maneno kabla ya sufuria. Mweleze mgonjwa mpaka aelewe, waeleze na majirani, maana sufuria yako inaangaliwa na watu wengi kuliko unavyodhani. Na usipeleke maelezo mikono mitupu, peleka na chakula.

Jicho la kushoto bado linasubiri zamu. Kwa hiyo nauliza wenye uzoefu: mtu anawezaje kukataa sahani ya mama anayemtazama kwa jicho alilolipata juzi? Mwenye jibu aliweke hapo chini. Mwenye kucheka naye acheke, lakini aniachie na njia moja ya kupika sambaza bila mafuta.